Ziwa Lililoitwa Ukerewe

Historia inayosimuliwa kandokando ya ziwa hili, kuanzia Mwanza hadi Nansio, huifupisha tarehe 3 Agosti 1858 kwa sentensi moja: siku hiyo Mwingereza John Hanning Speke alisimama juu ya kilima pale Mwanza, akayaona maji yasiyo na ng'ambo, akalipatia ziwa jina la malkia wake. Tarehe ni sahihi, na kweli alisimama pale. Kasoro imo katika kitenzi. Anayepatiwa jina ni yule asiyekuwa nalo, na ziwa lile lilikuwa nalo. Wafanyabiashara wa Kaze, ndiyo Tabora ya leo, waliomwonyesha Speke njia ya kaskazini, walilitaja kila walipozungumza habari za pembe na mitumbwi. Waliliita Bahari ya Ukerewe. Tangu hapo wasomi wengi wamelichukulia jina hilo kama kosa dogo la Waarabu na Waswahili waliochanganya kisiwa na maji yanayokizunguka, kosa ambalo Speke alilisahihisha. Hoja inayotetewa hapa ni kinyume cha hiyo. Jina Ukerewe lilitungwa kwa kanuni ileile ambayo watu wa pwani walizitajia bahari zao zote. Lilibeba habari za kweli kuhusu biashara na mamlaka ya ziwani. Na kutupwa kwake kulichangia mabishano yaliyowapotosha wanajiografia wa Ulaya kwa karibu miaka 17.

Tuanze na wenyeji wa ufukwe wenyewe. Kwa Mkerewe na Msukuma maji yale ni nyanza. Mganda husema ennyanja, na Mjaluo husema nam. Yote matatu ni maneno ya kawaida kabisa, kama sisi tunavyosema ziwa. Nyanza lina ndugu mbali sana: Wayao wa kusini husema nyasa, Wachewa husema nyanja, na wataalamu wa lugha za Kibantu huyarudisha yote kwenye shina moja lenye maana ya mahali palipo wazi, shina ambalo Kiswahili kimelihifadhi katika uwanja na nyanja zake. Mtu anayeamka kila siku mbele ya maji mamoja hahitaji kuyapa jina la pekee, kwa kuwa hakuna mengine ya kuyachanganya nayo. Hata mvuvi wa Kilwa au Lamu anayekwenda kazini husema anakwenda baharini, wala hataji ni bahari gani. David Livingstone alipofika mwaka 1859 kwenye ziwa la kusini akaandika Nyassa kana kwamba ndilo jina lake, hakujua kwamba ameandika neno la kawaida, na kwa hiyo Ziwa Nyasa, likitafsiriwa neno kwa neno, ni Ziwa Ziwa. Kosa hilohilo lilinyemelea kaskazini, na tutaona lilivyoleta madhara.

Hii haimaanishi kwamba wenyeji hawakuwa na majina ya pekee. Waganda waliita ziwa Nalubaale, jina lililotokana na balubaale, mizimu mikuu ya nchi yao, ambao baadhi yao walikuwa na makao yao visiwani. Wajaluo walilihusisha na Lolwe, jitu la masimulizi yao, wakaliita Nam Lolwe. Majina hayo mawili yana uzito wa ibada na masimulizi. Yanamweleza mtu wa ndani uhusiano wake na maji. Lakini mtu wa mbali anayetaka kufika hayamsaidii, na ndiyo maana msafara haukuyatumia. Msafara ulihitaji jina la aina nyingine.

Tazama namna watu wa pwani walivyotaja maji yao. Bahari kubwa iliyo mbele yao waliiita Bahari ya Hindi, kwa nchi ambako majahazi yalielekea na yalikotoka. Ile nyembamba ya kaskazini, ambayo Wazungu waliipa rangi nyekundu, waliiita Bahari ya Sham, kwa nchi zilizo mbele yake. Hakuna mtu aliyewahi kudai kwamba wametatizwa, wakadhani India ni maji. Waliposonga bara na biashara ya pembe na watumwa, walichukua desturi hiyo nao. Ziwa la magharibi, ambalo wenyeji wake waliliita Tanganyika, Waarabu wa misafara waliliita Bahari ya Ujiji, kwa soko lililokuwa mwisho wa njia yao. Wamisionari wa Kijerumani Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, waliokaa pwani na kuwahoji wasafiri, walichora miaka ya 1855 na 1856 ramani iliyokuwa na ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono asiye na nyumba, katikati ya Afrika Mashariki. Waliliandika bahari ya Uniamesi, yaani ya Unyamwezi. Ramani ilikosea umbo, ikiwa imeyaunganisha maziwa matatu kuwa moja. Kanuni ya jina, hata hivyo, ni ileile: maji hutajwa kwa nchi inayofikiwa kwa kuyaendea.

Bahari ya Ukerewe imo katika safu hiyo, na umbo la neno lenyewe linashuhudia. Wenyeji wa kisiwa huita nchi yao Bukerebe au Bukerewe, na wao ni Abakerebe. Kiambishi bu kimegeuka u kwa kinywa cha Mswahili, kama vile Buganda ilivyokuwa Uganda na Buha ikawa Uha. Neno lililofika kwenye ramani za Ulaya likiandikwa Ukerewe lilikuwa limeshapita katika Kiswahili, tena Kiswahili cha watu waliojua kwamba kiambishi hicho hutaja nchi. Mtu anayesema Bahari ya Ukerewe anajua kwamba Ukerewe ni nchi. Kama angedhani ni jina la maji, asingelihitaji neno bahari na kiunganishi mbele yake. Kwa hiyo dai kwamba walichanganya kisiwa na ziwa linapingwa na sarufi yao wenyewe.

Linabaki swali kubwa zaidi: kwa nini Ukerewe, miongoni mwa nchi zote zinazozunguka ziwa? Kisiwa chenyewe, kilomita za mraba 530 hivi, ndicho kikubwa kuliko vyote ndani ya maji ya bara katika Afrika, lakini mbele ya ziwa lenye kilomita za mraba 68,800 hivi ni kidogo mno. Buganda ilikuwa na nguvu zaidi, na Karagwe ilijulikana mapema kwa watu wa misafara. Jibu limo katika historia ya biashara ya Wakerewe, ambayo imeelezwa vizuri kuliko ya visiwa vingine vingi kwa sababu ya watu wawili. Mmoja ni Gerald Hartwig, mwanahistoria Mmarekani aliyefanya utafiti kisiwani mwishoni mwa miaka ya 1960 na kutoa mwaka 1976 kitabu kinachohusu Wakerewe na biashara ya masafa marefu kuanzia 1800 hadi 1895. Wa pili ni Aniceti Kitereza, mzaliwa wa Ukerewe wa mwaka 1896, msomi wa seminari aliyejua lugha nyingi, aliyehifadhi masimulizi ya kale ya watu wake, akamsaidia Hartwig. Kitereza ndiye aliyeandika kwa Kikerewe, mwaka 1945, riwaya ya Myombekere na Bugonoka, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatolewa na Tanzania Publishing House mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati maisha yake yalipokuwa yanafikia mwisho. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtu aliyetunza kumbukumbu za kisiwa kwa miaka mingi namna hiyo alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Masimulizi waliyoyakusanya yanaonyesha kwamba Wakerewe hawakukaa wakisubiri wageni wafike. Mwanzoni mwa karne ya 19, chini ya wafalme wa ukoo wa Abasilanga, walikuwa wakipeleka pembe wenyewe kusini, kupitia nchi ya Wasukuma, hadi Unyanyembe, ndiko iliko Kaze. Jambo hili linageuza picha nzima. Mfanyabiashara wa Kaze hakulijua jina Ukerewe kwa kusimama ufukweni na kuuliza kisiwa kile kinaitwaje. Alilijua kwa sababu watu wa nchi hiyo walikuwa wamekuja kwake na mzigo, wakajitaja wametoka wapi. Walikuwa watu wa majini waliovuka kwa mitumbwi na kushika njia ya nchi kavu, na ukimuuliza Mkerewe pale Unyanyembe katoka wapi, jibu lake lilihusu nchi na maji pamoja. Bahari iliyowaleta ikaitwa kwa jina lao. Katika njia ya kusini, kwa miongo kadhaa, wao ndio walikuwa uso wa ziwa.

Sasa turudi kwa Speke, tukiwa na ukweli huo mkononi. Yeye na Richard Burton waliondoka Zanzibar Juni 1857, wakafika Kaze Novemba mwaka huo. Huko walipokewa na Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi, mfanyabiashara aliyeishi miaka mingi bara, aliyesafiri ziwa la Ujiji na kuzifikia Karagwe na Uganda. Snay aliwaambia wazi kwamba kaskazini kuna ziwa, mwendo wa siku kadhaa, na kwamba ni kubwa kuliko lile la Ujiji. Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Alitofautisha mambo ambayo ramani ya Erhardt ilikuwa imeyachanganya, na Burton mwenyewe aliyategemea maelezo yake katika kurasa nyingi za kitabu chake cha mwaka 1860. Walipokwisha kufika Ujiji na kurudi Kaze, Burton akiwa mgonjwa, Speke aliondoka Julai 1858 pamoja na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi kulitafuta ziwa la Snay. Alikuwa anakwenda mahali palipoelezwa, kwa njia iliyoelezwa, kutazama kitu kilichokuwa na jina.

Pale Mwanza, aliyoiandika Muanza, alimkuta mtemi Mahaya na Mwarabu mmoja, Mansur bin Salim, aliyekuwa akiishi huko. Kutoka kilimani aliona ghuba, aliona Ukerewe na Majita zikielea upande wa kaskazini, na nyuma yake upeo wa maji. Hakuvuka kwenda Ukerewe. Siku chache baadaye aligeuka kurudi, na tarehe 25 Agosti alikuwa Kaze. Haki yake apewe: alipopima kimo cha maji kwa kuchemsha kipimajoto alipata futi 3,740, na vipimo vya leo vinatoa mita 1,134, ambazo ni futi 3,720 hivi. Kwa chombo duni kama hicho, katika hali kama ile, huo ni ustadi mkubwa. Pia aliamini, kwa kuutazama upeo tu, kwamba hapo ndipo Nile inapoanzia, na aliamini sawasawa. Lakini mtu huyo aliyepima kimo kwa uangalifu mkubwa hakulipima jina. Aliandika kwamba wenyeji huliita Nyanza na Waarabu huliita Ukerewe, kisha akaliacha la pili, akachukua neno la kawaida la kwanza na kulitanguliza jina la malkia: Victoria Nyanza.

Uamuzi huo ulifungua mlango wa mgogoro ambao Speke hakuutazamia. Burton hakukubali kwamba maji yaliyoonekana Mwanza ni ziwa moja kubwa linalofika hadi chanzo cha Nile. Speke alirudi Afrika na James Grant, akapita magharibi kupitia Karagwe na Buganda, na tarehe 28 Julai 1862 alifika mahali maji yanapotoka ziwani kuwa mto, akapaita Ripon. Lakini kati ya Mwanza na Buganda hakuufuata ufukwe mfululizo. Alikuwa ameona ncha mbili za kitu, akasema ni kimoja. Hapa ndipo neno la kawaida lilipomgeuka. Kama nyanza ni maji yoyote mapana, basi nyanza ya Mwanza na ennyanja ya Buganda zingeweza kuwa maji mawili, matatu, hata zaidi, na kule kufanana kwa neno katika vinywa vya Wasukuma na Waganda hakukuthibitisha chochote. Burton alishikilia kwamba ni maziwa kadhaa. Livingstone naye aliamini hivyo. Mjadala wa Burton na Speke uliopangwa kufanyika Bath tarehe 16 Septemba 1864 haukufanyika, kwa kuwa Speke alikufa kwa bunduki yake mwenyewe siku moja kabla.

Je, jina Ukerewe lingewaokoa na ubishi huo? Kwa sehemu. Lisingethibitisha kwamba maji ya Buganda ni yaleyale, na ni lazima kukiri hivyo. Lakini lingewaelekeza wapi pa kuulizia. Nchi iliyokuwa ikivusha watu na mizigo kwa mitumbwi ndiyo iliyojua maji yanaishia wapi, na nchi hiyo ilitajwa ndani ya jina lenyewe. Speke alikuwa na Ukerewe mbele ya macho yake, akaandika malkia, akaondoka. Ulaya yenyewe haikulisahau jina hilo mara moja. Jules Verne, katika riwaya yake ya mwaka 1863 inayohusu safari ya puto juu ya Afrika, alilitaja ziwa kwa jina la Ukerewe, na katika maandishi ya Kijerumani jina hilo liliendelea kuonekana kando ya lile la malkia kwa miaka mingi.

Aliyemaliza ubishi alifika mwaka 1875, na alifika mahali pale ambapo jina lilielekeza. Henry Morton Stanley alishuka na msafara wake hadi Kageye, kwenye ufukwe wa ghuba inayoitazama Ukerewe. Huko alimkuta Songoro, mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa akiunda jahazi Ukerewe. Kuanzia Machi hadi Mei Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua yake, Lady Alice, akathibitisha kwamba ni moja. Kisha alipotaka kuhamisha msafara wake wote hadi Buganda, mashua haikutosha na njia ya nchi kavu ilikuwa ngumu. Alikwenda kwa nani? Alikwenda kwa Lukonge, mfalme wa Ukerewe, akaomba mitumbwi. Baada ya mazungumzo marefu na zawadi aliipata. Mtu anayetaka ushahidi kwamba jina la misafara lilikuwa na maana, auangalie uamuzi huo wa Stanley. Alikuwa na ramani iliyoandikwa Victoria, na alipohitaji kusafiri ilimbidi amwendee mwenye Bahari ya Ukerewe.

Uwezo huo wa Lukonge ulionekana kwa sura mbaya Desemba 1877. Wamisionari wawili wa Kanisa la Anglikana, Shergold Smith na Thomas O'Neill, waliuawa kisiwani pamoja na Songoro, katika ugomvi baina ya Lukonge na mfanyabiashara huyo uliohusu lile jahazi. Waandishi wa Kizungu wa wakati huo walilisimulia tukio hilo kama ukatili wa mfalme mshenzi. Mauaji ni mauaji, na hakuna sababu ya kuyapamba. Lakini kilichogombewa ni chombo cha majini, kilichoundwa kwa mbao za kisiwa, na mwenye nchi alidai haki ya kuamua nani anaunda vyombo na kwa malipo gani. Huo ulikuwa ugomvi juu ya nani ana neno katika maji yale, na Lukonge hakuwa na shaka juu ya jibu lake.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni la Wakerewe wenyewe: wao hawakuliita ziwa Ukerewe, waliliita nyanza, na jina la mgeni haliwezi kuwa jina halisi la ziwa kuliko jina la mgeni mwingine. Ni pingamizi zito. Hata hivyo linasahau kwamba majina mengi ya mahali duniani hutoka nje, kwa jirani au kwa mpita njia, na kwamba tofauti iko katika chanzo cha jina. Ukerewe ni neno la wenyeji kuhusu nchi yao, likachukuliwa na watu waliofanya biashara nao. Victoria ni jina la mtu aliyekuwa London, ambaye mwaka 1858 hakuwa na uhusiano wowote na mtu yeyote wa Mwanza. Majina mawili yanaweza kuwa ya kigeni yote, na moja likawa na mizizi zaidi ya jingine.

Pingamizi la pili ni la ukubwa. Inasemwa kwamba jina la kisiwa haliwezi kubeba ziwa linalogusa Buganda, Busoga, nchi ya Wajaluo na ya Wahaya, na kwamba Speke alikuwa wa kwanza kulitazama kama kitu kimoja chenye kustahili jina moja. Sehemu ya kwanza ina ukweli. Jina la misafara lilifanya kazi katika njia ya kusini. Mfanyabiashara aliyekwenda Buganda kwa kupitia Karagwe aliyakuta maji upande mwingine na huenda hakuona haja ya kuyaita ya Ukerewe. Sehemu ya pili ndiyo isiyosimama. Mwaka 1858 Speke hakuwa amekitazama kitu kizima. Alikuwa ameona ghuba moja, visiwa, na upeo. Habari za ukubwa wa ziwa alizipata kwa Snay kabla hajaondoka Kaze. Jina la malkia lilitangulia ujuzi kwa miaka 17, na ujuzi ulipokuja ulisafirishwa na wapagazi, wapiga makasia na mitumbwi ya watu ambao hawakuwahi kulisikia jina hilo.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wale wanaoona kwamba mjadala wa majina ni wa maneno tu, kwani maji ni yaleyale na samaki ni walewale. Lakini majina ya maji yaliingia katika mikataba. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliogawa ziwa kwa kufuata mstari wa digrii 1 kusini mwa ikweta, na maji yaliyogawanywa yalitajwa kwa jina la malkia, ambaye kwa bahati alikuwa bibi yake mfalme wa Ujerumani. Ukerewe ikaangukia upande wa Wajerumani, na miaka 5 baadaye, mwaka 1895, Lukonge aliondolewa madarakani. Katika kipindi hicho hicho jina la nchi yake, lililokuwa limewahi kutajwa Kaze na Zanzibar kama jina la bahari nzima, lilirudi kuwa la kisiwa tu. Sidai kwamba jina lingezuia mizinga. Ninachodai ni kwamba ukiandika katika mkataba Bahari ya Ukerewe, inakuwa vigumu zaidi kujifanya kwamba hakuna nchi iitwayo Ukerewe yenye mfalme wa kuulizwa.

Neno nyanza lilipata maisha mapya baada ya hapo. Waingereza walipozoea kusema ziwa Victoria kwa kifupi, nyanza liliachwa huru, likawa jina la jimbo nchini Kenya. Upande wa Mwanza, wakulima wa pamba walijiunga katika miaka ya 1950 chini ya Paul Bomani katika shirikisho la vyama vya ushirika lililobeba jina la Victoria, na baada ya uhuru ushirika huo ukageuka kuwa Nyanza. Uganda iliipa stesheni ya umeme ya Owen Falls jina la Nalubaale. Kenya iliibadili Ghuba ya Kavirondo ikawa Winam. Maji yaliyo mbele ya bandari ya Nansio, yale yale ambayo meli za Mwanza hupita zikileta abiria na mizigo kisiwani, bado yanaandikwa katika ramani za Tanzania Ghuba ya Speke, kwa jina la mtu ambaye alikiona kisiwa kwa mbali na hakukikanyaga.

Mara kwa mara husikika sauti zinazotaka ziwa libadilishwe jina, na kila upande unapendekeza la kwake. Kulirudishia jina la Ukerewe leo kusingekuwa haki kwa Mjaluo wa Homa Bay wala kwa Mganda wa Ssese, kwa sababu kanuni iliyolizaa ilikuwa ya njia moja katika zama moja, na njia hiyo imekwisha. Ghuba iliyo mbele ya Nansio ni habari nyingine. Imo yote ndani ya Tanzania, kati ya Ukerewe na nchi ya Wasukuma, na ndiyo iliyovukwa na mitumbwi ya wafanyabiashara wa Kikerewe wakielekea Unyanyembe. Hakuna mkataba wa kimataifa unaohitajika kuiita Ghuba ya Ukerewe, wala hakuna nchi jirani ya kuulizwa. Na sentensi ile ya tarehe 3 Agosti inaweza kuandikwa upya bila kumnyima Speke kimo chake wala Nile yake: siku hiyo, akielekezwa na Snay bin Amir na akiwa na Bombay, alifika kwenye ufukwe wa kusini wa Bahari ya Ukerewe, akaibadilisha jina.